Jipu la Baba Bungeni

Mara moja moja watu wa vyuo hunialika nikazungumze juu ya ushawishi wa mashirika yasiyo ya kiserikali katika siasa za dunia. Mada huandikwa kwenye kitambaa kirefu nyuma ya meza, na kila msemaji huwekewa chupa ya maji. Kabla yangu husimama msomi mmoja akasema mashirika hayo ndiyo dhamiri ya ulimwengu. Halafu husimama mwingine akasema huo ni ukoloni uliobadilisha nguo tu. Wakichoka kurushiana maneno, mimi husimama nikaanza na jipu la baba yangu. Nusu ya ukumbi hucheka. Nawaacha wacheke, maana hata sisi nyumbani tulicheka, ingawa tulichelewa.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Tulikaa mtaa wa Ziwani, Nairobi, katika nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa duka. Mwenye duka alikuwa mjane Mwislamu, wazazi wake watu wa pwani, na mtaa mzima ulimwita Mama Duka. Kwetu tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na babu aliyemzaa baba, ambaye alikuwa mchongaji katika banda la Wakamba wenzake kule upande wa Gikomba. Mama alishona sare za shule kwa cherehani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisomea kupiga chapa katika chuo kidogo mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu.

Baba alikuwa karani. Sijapata kuona mtu aliyependa karatasi safi kama yeye. Barua ikiwa na kosa moja alianza upya, na kikaratasi cha kumwambia mwalimu wangu kwamba niliugua homa kiliandikwa kana kwamba kinakwenda Ikulu. Mwaka ule kelele za kutaka vyama vingi zilikuwa zimepanda, na watu fulani wakamletea waraka wa kuchapa. Baba hakuwa mwanasiasa. Mpaka leo naamini alikubali kwa sababu waraka wenyewe ulikuwa umeandikwa vibaya, naye akashindwa kuvumilia.

Askari wawili wenye makoti walikuja asubuhi tukinywa uji. Baba aliomba avae tai, wakamruhusu. Mmoja alibeba mashine yake ya chapa, na maneno ya mwisho niliyomsikia baba akisema pale mlangoni ni kumwelekeza yule askari aishike kwa chini, isije ikaharibika. Hakushtakiwa. Siku hizo mtu aliweza kuzuiliwa tu bila mashtaka, na watu wake wakakaa hivyo hivyo, hawana pa kuuliza.

Baba alikuwa na sukari. Hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi. Gerezani watu hutoka, alisema, lakini sukari haingoji.

Wakili mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa na wenzake katika shirika dogo la haki pale mjini, alichukua habari za baba akazituma kwa shirika kubwa la ng'ambo. Kazi ya shirika hilo, alitueleza, ilikuwa kuandika barua. Nilidhani sijasikia vizuri. Watu wa kawaida, walimu na wastaafu na mafundi, kila mmoja nyumbani kwake, wangemwandikia rais wetu barua za adabu kumwomba amwachilie baba, na kadi zingine wangetutumia sisi. Babu aliuliza kama watakuja na bunduki. Wakili akasema hapana, mzee, ni barua tu. Babu akarudi kwenye ugoro wake. "Dua la kuku halimpati mwewe," akasema.

Sanduku la posta tulilokuwa tukitumia lilikuwa la ofisi ya baba, kwa hiyo Mama Duka akatupa lake. Kadi ya kwanza ilikuwa na picha ya ng'ombe amesimama kwenye theluji. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kutetemeka, kwamba hatujui lakini anamwombea baba kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa. Nilimsomea mama kwa Kiswahili. Aliichukua akaitazama upande wa ng'ombe muda mrefu. "Huyu ng'ombe atakufa na baridi," akasema, kisha akaingia chumbani, na nilipomfuata nilimkuta akilia.

Kadi zikaja nyingine, na nyingine. Askari kanzu alifika dukani kumuuliza Mama Duka kwa nini siku hizi anapata barua nyingi kutoka Ulaya. Mama Duka hakuacha kupima sukari kwenye mizani. "Mimi nina watu," akamjibu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja la pale kwetu. Mama akipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yenye maharagwe, bakuli moja lilivuka ukuta kwenda kwa Mama Duka. Bakuli hilo halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na mahamri, au kaimati, na wakati wa shida lilirudi na vitunguu viwili na chumvi kidogo kwenye karatasi. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mwenzako kwamba mmemalizana. Mama alilelewa hivyo, Mama Duka alilelewa hivyo, na kadi zilipofika kumi na moja, kila moja na anwani ya mwenyewe, mama alizipanga juu ya cherehani akatangaza kwamba tumekuwa watu wasio na haya. Watu wanatuletea, na sisi tunakula tu.

Wakili alikuwa ametukataza waziwazi. Msijibu, alisema, barua zenu zinafunguliwa. Na isitoshe, shirika lina masharti yake: halipokei kitu chochote kutoka kwa wale linaowatetea. Mama alimwitikia kwa heshima zote. "Ndiyo, mwanangu. Tumesikia." Nilimtazama usoni nikajua hatujasikia.

Kazi ya kutafuta zawadi alipewa babu. Maisha yake yote babu alikuwa amechonga twiga wa kuuzia watalii, twiga mamia kwa mamia, na nadhani alikuwa amewachoka kuliko walivyochoka wao kuchongwa. Alikubali kuchonga miko ya kupikia, lakini kwa sharti lake: hachongi kabla ya kuambiwa ni ya nani. Kwa hiyo jioni nilikaa naye uani, yeye na tezo lake, mimi na kadi. Huyu ni nani? Ni mwalimu, babu, ana paka watano. Basi mpini ukawekwa kichwa cha paka, ingawa mkono wa babu ulikuwa umezoea, na paka mwenyewe alitoka na shingo ndefu. Huyu je? Huyu hakusema, babu, ila ameandika kwa kalamu ya wino wa kijani. Babu alifikiri. "Ni mtu wa bustani," akasema, akachonga jani.

Ilibaki barua ya kufuatana na miko. Wiki hiyo hiyo mama aliruhusiwa kumwona baba kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe, dakika tano, askari akiwa katikati yao. Alirudi nyumbani. Akavua viatu, akakaa kitandani, akaniita.

"Mwaitu," akasema. Ndivyo alivyoniita, mama kwa Kikamba, kwa kuwa nilirithi jina la nyanya. "Alisimama."

"Nani?"

"Baba yako. Kulikuwa na benchi. Askari alimwambia kaa, akasema yuko sawa. Alisimama dakika zote tano, na miguu inamtetemeka. Ana jipu. Liko makalioni, na ni kubwa."

"Alikuambia?"

"Baba yako aniambie kitu kama hicho mbele ya askari? Nimelala na huyo mtu miaka ishirini. Namjua."

Mtu mwenye sukari akipata jipu asitibiwe, huko ni kufa. Mama alijua hilo vizuri. Kaka yake alikwenda hivyo. Akaniambia niandike, nikachukua kalamu, na hapo tukagombana ugomvi ambao naukumbuka kuliko mwingine wowote.

"Mama, hatuwezi kuandikia wazungu mambo ya makalio."

"Wao hawana?"

Niliandika nilivyotaka mimi, kwa Kiingereza changu cha chuoni, kwamba baba hajisikii vizuri na familia ina wasiwasi. Mama hakujua Kiingereza lakini hakuwa mjinga. Aliniambia nimsomee kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Hajisikii vizuri," akarudia. "Hata mimi sijisikii vizuri. Mama Duka naye magoti. Sasa nani atainuka kitini kwake kwa sababu ya hiyo? Andika jipu. Andika liko wapi. Andika kwamba mume wangu ni mtu wa kukaa, kazi yake ni ya kukaa, na kwamba nimemwona amesimama."

Nikaandika. Nilichapa barua zote kumi na moja chuoni, saa ya mazoezi, shingo imenichoma kwa aibu. Mwalimu wetu alipita nyuma yangu, akasimama kidogo, akasoma. Nilingoja anifukuze. Aliniambia tu nikaze mgongo, na kesho yake nilikuta utepe mpya kwenye mashine yangu.

Kila mwiko tuliuzungushia barua yake kama karatasi ya kufungia. Pale posta karani alifungua kifurushi kimoja akaona mti wa muhugu unang'aa. "Vinyago?" akauliza. "Vinyago," mama akajibu. Nairobi ilikuwa ikituma vinyago nje kila siku ya Mungu, basi akagonga muhuri. Hakuna aliyesoma karatasi ya kufungia.

Halafu kimya. Sikujua kimya kinaweza kuwa na uzito kiasi kile. Mama alipewa ruhusa nyingine ya kwenda kumwona baba, akafika langoni, akaambiwa hakuna kuonana. Alirudi na kikapu chake kama alivyoondoka nacho. Niliogopa kumuuliza alichokuwa akifikiri, kwa sababu nilikuwa nikifikiri hicho hicho.

Karibu miezi miwili baadaye wakili alikuja, na alikuja amekasirika. Aliingia bila hodi, mkononi kipande cha gazeti la nchi ya watu.

"Mama, mliandika nini? Niliwaambia nini mimi? Simu inalia ofisini, wanauliza nani ametuma miko. Miko! Shirika lina taratibu."

Mama alimvutia kiti. "Kaa kwanza, mwanangu."

Wakili alikaa, na hasira ikamwisha pale pale kitini, kwa sababu ilikuwa lazima atueleze. Mmoja wa wale kumi na moja, yule wa wino wa kijani, alikuwa muuguzi mstaafu. Hakuwa mtu wa bustani hata kidogo, babu alikosea. Barua ilipomfikia hakuhitaji kuelezwa jipu na sukari ni nini. Alipanda gari moshi akaenda kwa mbunge wake na mwiko kwenye mkoba, akakaa pale ofisini mpaka akasikilizwa. Kabla ya hapo, wakili alisema, shirika lilikuwa na jina la baba na tarehe aliyokamatwa, na wabunge wa kule walikuwa na majina kama hayo makabati mazima. Safari hii mheshimiwa alisimama bungeni kwao, akasoma barua ya mama yote, akamuuliza waziri wao misaada yao inafanya nini katika nchi ambayo mtu mwenye sukari hanyimwi benchi ila ananyimwa daktari. Gazeti likaandika. Balozi wao hapa akaenda kumwona mkubwa fulani.

"Amepelekwa hospitali," wakili akasema. "Juzi. Wamelipasua. Daktari anasema siku chache zaidi na tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Mama hakupiga kigelegele. Aliuliza swali moja tu: "Wakati wanampasua, kuna mtu alimshika mkono?" Wakili hakujua. Alimshika mama mkono yeye, na wakakaa hivyo, na mimi nikaenda kuteleka chai kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kuonekana.

Nina hasira na jambo hili mpaka leo, na nikizeeka naona haipoi. Hospitali iko hapa hapa Nairobi. Kutoka kwenye lile gereza ni safari ya nusu saa. Ili baba yangu avuke nusu saa hiyo, barua ilibidi ivuke bahari, isomwe na mama mzee katika baridi, ipande gari moshi, isomwe bungeni, na irudi ikiwa imeshikwa na balozi. Redioni walisema wageni wanaingilia mambo yetu ya ndani. Ni kweli, waliingilia. Lakini mambo yenyewe ya ndani yalikuwa baba yangu, na wale waliokuwa humo ndani naye walikuwa wamefunga mlango. Wasomi wakinibishia hapo huwajibu kwa ukali kuliko inavyofaa.

Walimwachilia miezi minne baadaye, bila maelezo, kama walivyomchukua. Walimshusha kwenye stendi ya basi mchana, na nauli mkononi. Mama alikuwa kwenye cherehani, akipinda upindo wa shati la mtoto wa watu, akasikia hodi ya adabu, hodi ya mtu anayebisha nyumbani kwake mwenyewe. Baba alikuwa mwembamba, tai ile ile shingoni.

"Karibu ukae," mama akasema.

Baba akakaa. Alikaa vizuri, kitako chote, akaegemea. Mama alimtazama jinsi alivyokaa, akafunika uso kwa lile shati la shule na mabega yakaanza kumtetemeka.

Jioni hiyo nilimpa baba kadi na nakala ya barua. Alisoma kwa makini ya kikarani, kidole kikifuata mistari. Alipofika pale penyewe kidole kikasimama. Akanitazama, akamtazama mama.

"Bunge," akasema polepole. "Bunge la watu, lenye spika, limekaa likajadili makalio yangu?"

"Na waziri akajibu," mama akasema.

Babu ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka Mama Duka akagonga ukuta kuuliza kuna nini, na baba akacheka hadi akakohoa. Alipokohoa, alinyamaza ghafla. Akaweka karatasi chini.

Nyuma ya ukuta wake, akatueleza, katika selo ya pili, kulikuwa na mtu. Hawakuwahi kuonana. Hawakuruhusiwa kusema, lakini yule mtu alikohoa, kikohozi kirefu chenye mlio mwishoni, na baba alizoea kumjibu kwa kukohoa naye kidogo, ajue kuna mwenzake. Usiku wa jipu, homa ilipompanda, yule mtu alikohoa kila baada ya muda mfupi hadi kukapambazuka, na baba alijua anafanya makusudi, ili asimwache peke yake. "Na mimi nimetoka," baba akasema. "Nimekuja kukaa hapa."

Alitaka niandike barua siku hiyo hiyo. Kesho yake tulikwenda kwa wakili, na wakili alisikiliza kwa upole, kisha akauliza jina. Baba hakuwa nalo. Waliitwa kwa namba. Mtu wa wapi? Hakujua. "Mzee," wakili akasema, "watu watamwandikia nani? Siwezi kupeleka kikohozi kwa shirika. Nipe jina tu, hilo moja, na nitaanza leo." Baba alikunja barua yake. Sikuwahi kumwona akilia, siku aliyochukuliwa wala siku aliyorudi. Alilia pale ofisini, kwenye kiti cha wageni.

Ijumaa, siku ya kuonana, mama alipika muthokoi akajaza bakuli, akafunga kwa leso, akaniambia tuondoke. Sisi hatukuwa na mtu tena mle ndani. Tulifika langoni mapema. Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi kando ya ua, kila mmoja na kikapu chake, kama mama alivyokuwa akiketi. Mama alianza mwisho wa mstari. Aliinama kwa kila mmoja, akasalimu, akafunua bakuli, na mtu akishachota, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, wako anakohoa? Kikohozi kirefu, kina mlio mwishoni?"

Hapana, dada. Hapana. Wangu hapana. Wengine walimwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa.

Karibu na mwisho wa nyasi alikaa mwanamke wa rika la mama, mtu wa mbali kaskazini kwa mavazi yake, Kiswahili chake kidogo. Baadaye tulijua alikuwa amekuja kwenye lango lile Ijumaa zote kwa mwaka mzima na nusu, na hakuna siku aliyoambiwa kama mumewe yumo au hayumo. Mama aliinama, akafunua bakuli, akauliza. Yule mwanamke hakuchota. Alimshika mama mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu hata bakuli likainama.

"Bado anakohoa?" akauliza.